Ekrani ya Saa kwa Mukono ya Maziwa

Ninyi vijana munaotengeneza masaa na telefone kwa soko ya Masisi, munanichokoza kila nikipita. "Mama Riziki, kati ya hii saa na ile, gani iko na ekrani muzuri?" Munanifungia njia, mumoja ameshika saa ya duara, mwingine ya pembe ine, kioo cha kila moja kinawaka kama harusi. Mi niliacha kazi. Macho yangu siku hizi ni ya kuchagua maharage tu, na bado hamuniachi. Haya, kaeni. Leo nawajibu wote pamoja, na mwenye atanikata maneno nitamufukuza kama kuku.

Jibu langu ni ulizo: huo mukono utakaovaa saa, unafanyaka kazi gani?

Munacheka. Najua, munataka milimita na doti. Nitawapa hizo pia, hamutalala njaa. Lakini nitazipitisha kwa hadisi ya Mapendo, yule binti kiziwi wa nyumba ya fromaji, ile jibini ya maziwa, kule Muheto, juu alibaki kidogo tu afukuzwe kazi aliyoipenda, na saa njo ilikuwa katikati ya mambo.

Mbele ya Mapendo, nimutaje kwanza Papa Anselme, mwenye alinifundisha kazi. Alikuwa na meza yake kule Hombo, kwa barabara kubwa, mahali wachuuzi wanashuka kunyoosha miguu. Wakati ule saa ilikuwa bado saa: unaikaza, unaiweka kwa sikio, inakuambia yenyewe kama iko mugonjwa. Papa Anselme alikuwaka anashika mukono ya mukiriya mbele ya kushika saa. Anaugeuza, anaangalia kiganja, anasema: "Huyu analima. Huyu anafunga mizigo." Siku moja alishika mukono ya mama mumoja muchuuzi wa mafuta ya ngazi, yale ya mawese. Yule mama akafikiri anatongozwa, akamupiga kofi moja ya kweli mbele ya soko muzima. Papa Anselme akajishika shavu, akanigeukia, akasema: "Riziki, mukono ya nguvu. Tutaweka kioo kinene." Nilicheka mpaka nikamwanga misumari yote ya masaa chini, na yeye akaniokotesha mumoja mumoja.

Basi, nilipohamia Masisi, masaa ya kukaza ikapotea, ikaingia hii ya ekrani. Za kwanza zilikuwa vichekesho. Kioo kikubwa, unafikiri umepata televizioni, kumbe ukiiwasha, sehemu yenye kuonyesha ni kidogo katikati, pembeni yote ni giza. Njo maana nawaambia: musipime kioo, pimeni mwangaza. Washa saa, weka picha nyeupe, njo utajua ekrani inaishia wapi. Kila kizazi kipya kilipoingia, ule ukingo mweusi ulikuwa unakonda, na saa haikuongezeka hata kidogo kwa mukono. Kilichokuwa kinakua si mwili wa saa, ni dirisha yake.

Doti nazo ni vile. Ekrani ni doti nyingi zinazokaa pamoja. Kwa masaa ya zamani unaziona kwa macho, kama maharage umetandika kwa lungo. Kwa mapya ni kama unga, huoni mahali moja inaishia na nyingine inaanza. Lakini musidanganywe na namba iliyoandikwa kwa karato, ile boksi ya saa. Doti nyingi kwa ekrani kubwa zinaweza kuonyesha vibaya kuliko doti kidogo kwa ekrani kidogo. Angalia herufi: kama "a" iko na meno pembeni, waachie wenyewe.

Na taa. Kuna ekrani zenye taa moja nyuma, inawaka yote hata kama unaonyesha doti moja. Hizo njo wanaandika LCD. Kuna zenye kila doti ina taa yake. Hizo njo AMOLED, na kwa hizo weusi ni weusi wa kweli, juu pale taa imezima. Za kwanza za aina hiyo zilikuwa nzuri kwa kivuli, lakini ukitoka kwa jua ya Masisi, ee Yesu, unaona uso wako mwenyewe tu. Mapya inapiga mwangaza mpaka saa sita ya muchana unasoma bila kuweka mukono juu ya macho.

Kwa hiyo ya taa, nilifanya biashara moja bila kutoka kwa kiti. Papa Bulambo, muwindaji wa Walikale, alikuja na saa mupya, hasira imemujaa. "Mama, hii saa yako inatumikia wanyama!" Kila akiinua mukono kuvuta mutego, ekrani inawaka pale kwa giza ya pori, na nyama inakimbia. Pembeni yake alikuwa amekaa motari wa hapa, mwenye kubeba watu kwa pikipiki, naye analia na saa yake ya kizazi cha nyuma: kwa jua ya barabara haoni kitu, anakosa hata kuona nani anamuita. Niliwaangalia wote wawili. Nikawaambia: "Vueni." Wakabadilisha pale pale. Muwindaji akapata ile hafifu, motari akapata ile ya kuwaka. Mpaka leo Papa Bulambo akipanda huku anamuletea yule motari asali ya pori. Mi sipate kitu, lakini hiyo tuiache.

Na kufungua. Kioo cha saa za ekrani kinashikwa na kole, yaani gundi, na kole inalegea kwa moto kidogo. Wenye umeme wanatumia mashini. Mi nilikuwa na mbabula, jiko la makaa, na juu ya mbabula chungu ya maharage. Nikaweka saa juu ya kifuniko, na kitambaa katikati, nikahesabu pole pole. Watu wakipita wanaulizana: "Mama Riziki leo anapika nini?" "Anapika saa." Mumoja aliniuliza kama inahitaji chumvi.

Sasa Mapendo.

Alikuja kwa kibanda changu na muke ya kaka yake. Musichana murefu, kitambaa ya bluu kwa kichwa, anakuangalia mudomo sana. Alizaliwa anasikia vizuri, akapata ugonjwa ya kichwa akiwa mutoto wa shule, akapona, masikio ikabaki kule. Kusema anasema, tena kwa nguvu, juu hajisikie. Soko muzima iligeuka aliposema: "JAMBO MAMA!"

Alikuwa anafanya kazi kwa nyumba ya fromaji ya Papa Faustin. Ninyi munakula fromaji tu, hamujui. Maziwa inatoka kwa ngombe za vilima, inaingia kwa sufuria kubwa, inapashwa moto kidogo, inawekwa dawa ya kugandisha. Halafu wote wanangoja. Ukikata mapema, inatoka maji maji. Ukichelewa, inakuwa ngumu, huna fromaji, una kandambili. Kwa hiyo Papa Faustin alikuwa anaangalia saa ya ukuta, na saa ikifika anapiga kelele: "Kata!" Wote wanachukua visu virefu, kila muntu kwa sufuria yake. Wote isipokuwa Mapendo, mwenye alikuwa ameinama anaosha vyombo, mugongo kwa Papa Faustin, hajui kitu. Sufuria moja iliharibika. Halafu nyingine. Papa Faustin si muntu mubaya, lakini maziwa ni ya wachungaji, na wachungaji hawajui kusamehe maziwa. Akamwambia, uso kwa uso ili asome mudomo: "Binti yangu, ikiharibika tena, utarudi shambani."

"Mama," akaniambia, na hapo sauti yake ilishuka, sijui namna gani, "shamba siichukii. Lakini fromaji njo yangu. Nikiigusa najua iko namna gani. Nitafutie saa ya kutetemeka."

Nilimupenda saa ile ile. Kuna watu wanakuja kwa meza yako wanataka saa ya kuonyesha majirani. Huyu alitaka saa ya kubaki kwa nafasi yake.

Nilimupa moja ya kizazi cha zamani, niliyokuwa nayo kwa sanduku. Ekrani ndogo, nyembamba kama kidole, ya kuonyesha musitari moja. Tukaweka hesabu ya kila hatua: kukata, kukoroga, kumwanga maji. Inatetemeka vizuri. Nikajisifu. Nikamwambia, "Nenda, ukaniletee fromaji."

Hakuniletea fromaji. Ile musitari moja haikutosha maneno. Ili kusoma yote lazima usukume na kidole, na kidole chake kilikuwa na maziwa. Kidole cha maziwa kwa ekrani ni kama ulimi kwa moto, hakikai. Alisukuma, alifuta kwa nguo, alisukuma tena, wenzake wakamuonyesha na mikono, akawahi kwa bahati tu. Na kwa kuosha vyombo kila siku, maji ikaingia ndani ya saa.

Hapa njo mama yake akasaidia. Mungu amubariki, lakini asinisaidie mi. Watu wa miji wanatia saa yenye maji ndani ya muchele. Kwa Muheto muchele ni ya Noeli. Yule mama akaichomeka saa ndani ya gunia ya maharage makavu, ikauke. Fikra muzuri, maharage inavuta maji. Akasahau kumwambia bwana yake. Asubuhi bwana akapakia gunia kwa kamio, lori ya mizigo, gunia ikaenda Goma.

Kule Goma, kwa depo ya kuwekea magunia, ile gunia ikaanza kutetemeka. Ilikuwa saa ya kukata maziwa, na saa ilikuwa imekauka vizuri sana, inafanya kazi yake. Mwenye depo akasema panya. Akachukua fimbo. Aliipiga ile gunia, tuliambiwa, mpaka ikanyamaza. Saa ilirudi na kamio ya kurudia, imefungwa ndani ya karatasi, ekrani imekuwa vipande vipande kama ganda ya yai, na kabarua kadogo kamoja: "Pole."

Tulicheka, ndiyo. Mapendo mwenyewe alicheka mpaka machozi. Halafu machozi ikaendelea na kicheko kikaisha.

Kaka yake, mwenye anafanya kazi Goma, aliposikia, akatuma saa mupya kabisa, ya kizazi cha mwisho. Watoto wangu, ile ekrani! Pembe ine, ukingo hauonekani, mwangaza mpaka mwisho wa kioo. Doti ni unga wa kuchujwa. Inaonyesha hatua zote tatu kwa mara moja, na dakika zinazobaki, na rangi yake kila moja. Niliizungusha kwa jua, niliitia kwa kivuli, niliiangalia kwa upande, kila mahali inasoma. Nikamwambia Mapendo: "Hii, hata kipofu atasoma." Yeye akasema: "KIZIWI INATOSHA, MAMA." Soko ikaanguka kwa kicheko.

Papa Faustin akakubali kumujaribu tena. Mara ya mwisho, alisema, na aliisema vile unaona hafurahii kuisema.

Siku ya kwanza tu, matone ya maji ikaanguka kwa ile ekrani kubwa. Na sikilizeni vizuri, hii si kosa ya saa moja, ni asili ya ekrani za kugusa: tone la maji linafanana na kidole. Kadiri ekrani iko mukubwa, njo kadiri inapata vidole vya bure. Matone ikafunga hesabu, ikafungua muziki, ikamupigia kaka yake simu. Tena kwa kutunza batri, ekrani inazima yenyewe, na ili iwake lazima uinue mukono. Mikono yake miwili ilikuwa ndani ya sufuria. Saa muzuri kuliko zote nilizowahi kushika, na ilikuwa haina maana kwa mukono huo. Aliokolewa tena na wenzake. Papa Faustin aliona, akatoka inje. Kesho yake ilikuwa sufuria kubwa za oda ya harusi.

Jioni Mapendo akafika kwangu, mukaba ya saa imekatika. Nikaanza kumugombeza: "Umeivutaje mpaka inapasuka?" Akachukua ile saa, akaonyesha vile alikuwa amefanya. Juu matone yalimuchosha, aliisukuma kwa nguvu ipande, ipite kiwiko, ikae huku juu kwa mukono, chini ya bega, mahali wamama wetu wanasukumia bangili wakiosha vyombo. Mukaba ilikuwa fupi, ikapasuka. "LAKINI MAMA," akasema, "ilikuwa kavu."

Nikakaa chini. Nilikuwa nimelinganisha milimita, nimelinganisha doti, nimelinganisha taa, na sikulinganisha mahali. Huku juu maji haifike. Huku juu mutetemo unapiga kwa nyama na mufupa, unausikia kuliko kwa kifundo cha mukono. Na huku juu, ekrani ikiwa mukubwa, yeye anageuza tu shingo.

Nilikata mukaba mupya kwa ngozi ya ndama, laini, murefu wa kuzunguka ule mukono, nikaushona vile Papa Anselme alinishonesha mikaba ya wapakizi wa Hombo. Nikaingia kwa saa, nikaiambia isizime ekrani wakati hesabu inatembea, na nikaifunga isisikie kidole mpaka ubonyeze kile kitufe cha pembeni. Kuwaka namna hiyo kunakula batri, lakini kwa nyumba ya fromaji kuna plaki ya jua ya kutoa umeme, atatia saa moto, batri ijae, wakati wa kula. Tena nikaweka namba nyeupe kwa weusi, juu kwa ekrani ya AMOLED weusi haukule kitu.

Asubuhi nilifunga kibanda na kupanda moto, pikipiki ya motari, mpaka Muheto. Sikuweza kukaa.

Walikuwa wameweka dawa kwa maziwa. Kila muntu kwa sufuria yake, kisu pembeni. Papa Faustin amesimama chini ya saa ya ukuta. Mapendo ameinama anaosha vyombo kama siku zote, mugongo kwetu, mikono kwa maji, na ile ekrani inawaka kwa mukono wake wa juu kama dirisha. Mi nilikuwa kwa mulango, nashika kitambaa changu. Wachungaji wawili walikuwa wameleta maziwa, wakakataa kuondoka, wanataka kuona.

Papa Faustin akafungua mudomo. Hakuwahi.

"KATAAA!"

Kisu kimoja kilianguka. Muchungaji mumoja akaruka. Ngombe inje zikainua vichwa. Mapendo alikuwa amekwisha kusimama, maji inamwangika kwa vidole, ameshika kisu chake, anatuangalia sisi tuliosimama kama sanamu. "NINI?" akasema. "IMEFIKA!"

Papa Faustin akaangalia ukuta. Akaenda kwa sufuria ya Mapendo, akatia kidole ndani ya maziwa iliyoganda, akakiinua. Ikapasuka safi, maji yake njano inaonekana chini. Halafu akageukia wengine, akasema: "Munangoja nini? Hamukusikia?"

Wakakata. Wote pamoja. Mi nililia pale kwa mulango, nawaambia wazi, sina haya. Mapendo aliniona, akanionyesha kisu chake na kucheka, na akarudi kukata mistari yake, moja moja, iliyonyooka.

Tangu siku ile Papa Faustin haangalie tena ukuta. Anatoka inje kupokea maziwa, anaongea na wachungaji, anajua ataitwa. Wenzake wakitaka kujua dakika zinazobaki, wanageuka kuangalia mukono wa Mapendo, juu ile ekrani unaisoma hata ukiwa kwa sufuria ya mwisho. Kwa hiyo mukiniuliza ekrani mukubwa inasaidia nini, njo hiyo: inatosha watu wengi. Kidogo ni ya mwenyewe. Na mukiniuliza resolision, ule wingi wa doti, taa, kizazi, nitawaambia yote, lakini kwanza munishikie ule mukono muugeuze. Mukipigwa kofi, vumilieni, ni sehemu ya kazi.

Wiki hii nilipita kule tena, naenda kwa shamba ya dada yangu. Tulikuwa bado chini, kwa mutelemuko, pikipiki imezima juu ya matope, tunaisukuma. Mara sauti ikashuka kutoka kilimani: "KATAAA!" Kwa shamba ya ng'ambo, mama mumoja aliyekuwa analima akanyoosha mugongo, akamwambia mwenzake: "Tuende, ni saa ya kutia maharage kwa moto." Wakabeba majembe na kwenda. Kila muntu wa kile kilima anapima siku yake kwa ile sauti.

Nilipofika nikamushika Mapendo mabega, nikamutazama ili asome vizuri. "Mwanangu, unajua sauti yako inafika mpaka kwa shamba za ng'ambo?"

Hakujua. Aliangalia kwa dirisha, kule kwenye mashamba. Halafu akavuta mukaba wa saa ukae sawa, akachukua kisu.

"BASI, MAMA," akasema, "WASIKIE."